Kwa nini peoni chotara haichanui Tanga

Mwezi wa nne mwaka jana alikuja kitaluni kwangu, kando ya barabara ya Pangani, mama mmoja wa Chumbageni ameshika bahasha tatu za mbegu. Kila bahasha ina picha ya ua kubwa kama sahani, petali zimerundikana kama gauni la bibi harusi: moja la waridi, moja la manjano, moja la buluu. Chini ya picha pameandikwa kwamba ni peoni haibridi, na kwamba hustawi popote. Alizinunua mtandaoni. Binti yake alikuwa anaolewa Disemba, ameyaona maua hayo simuni kwenye harusi za watu, na moyo umemganda hapo. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. "Mwanangu, wewe nielekeze udongo tu. Kumwagilia nitamwagilia mwenyewe."

Siku ile nilimweleza haraka haraka, mvua ya masika ikitukimbiza, na sikuridhika na maelezo yangu. Tangu hapo wamekuja wengine na bahasha za namna ile ile. Nayaandika hapa kwa utulivu, maana ndani ya maneno yale mawili, haibridi na popote, mambo mengi yamefungwa fundo moja.

Rangi ya buluu tuimalize mara moja: peoni ya buluu haipo. Zipo nyeupe, za waridi, nyekundu hadi damu ya mzee, zambarau, manjano, na zile za rangi ya matumbawe kama 'Coral Charm' ya Mmarekani Samuel Wissing, iliyosajiliwa 1964. Buluu hakuna aliyewahi kuitoa. Ile picha imepakwa rangi kwenye kompyuta.

Sasa mbegu. Wengi wetu neno haibridi tulilijua kwenye mahindi. Unakwenda duka la pembejeo, unanunua mfuko, unapanda, unavuna vizuri, na ukirudishia punje za shambani kwako msimu unaofuata mavuno yanashuka. Kwa hiyo vichwani mwetu haibridi ni mbegu bora ya dukani, na kwa kuwa ni bora, tunaichukulia kuwa ngumu pia, inavumilia jua na ukame na mkono wa mtu asiyejua. Kwenye peoni neno hilo linasema kitu kingine. Haibridi, yaani chotara, ni mtoto wa wazazi wa spishi mbili tofauti, basi. Halisemi kwamba mtoto ni mvumilivu. Na mara nyingi mtoto mwenyewe hana mbegu kabisa.

Mtu wa Tanga hana haja ya kwenda mbali ili alielewe hili, mkonge unatosha. Mkonge uliingia 1893, Dakta Richard Hindorf alipoagiza vimche kutoka Florida vikapitia Hamburg. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62, vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba yote yaliyofuata hayakutokana na mbegu. Mkonge ule una seti tano za kromosomu, vile vinyuzi vya urithi vilivyomo ndani ya kila seli, na tano haigawanyiki nusu kwa nusu, kwa hiyo mbegu ya kutegemea hauna. Unaendelezwa kwa maotea ya chini na kwa vikonyo, vile vimche vinavyojaa juu ya mlingoti. Baadaye watafiti wa Amani na Mlingano, hapa hapa mkoani, waliozesha spishi nyingine mbili za jamii ya mkonge, wakamrudisha mtoto kwa mzazi mmoja, wakapata chotara namba 11648. Mkonge wa zamani hutoa majani 200 hadi 250 maishani mwake. Huyu hufika 600. Lakini huyo huyo hushambuliwa vibaya na uozo wa majani uitwao zebra, kwa mistari yake. Alirithi wingi wa majani na akarithi udhaifu, vyote kwa pamoja. Anayeishi na mkonge hawezi kukwambia kwamba haibridi ni dawa ya kila kitu.

Peoni nazo zina hesabu zao. Spishi zake ni thelathini na kitu, nyingi za Asia na Ulaya, mbili za magharibi ya Marekani, na chache zimevuka bahari hadi milima ya Moroko na Aljeria. Kusini ya hapo Afrika haina hata moja. Seti moja ya kromosomu kwao ni 5. Paeonia lactiflora, inayotoka Siberia, Mongolia na China, ambayo ndiyo iliyozaa peoni nyingi za bustanini, ina seti mbili, yaani 10. Paeonia officinalis ya Ulaya ina seti nne, yaani 20. Ukiwaozesha hawa wawili, mtoto anachukua seti moja huku na seti mbili kule, anakuwa na 15. Mmea unakuwa na nguvu, shina nene, rangi kali kuliko ya wazazi, lakini saa ya kutengeneza mbegu hesabu inagoma, kama inavyogoma kwa baghala, mtoto wa punda na farasi. 'Red Charm', lile ua la damu ya mzee alilolitoa Glasscock kule Marekani 1944, ni la namna hiyo. Kila 'Red Charm' iliyopo duniani leo ni kipande cha mzizi wa mmea mmoja ule wa kwanza, umekatwa na kukatwa tena kwa miaka themanini.

Kwa hiyo anayekuuzia mbegu za peoni chotara ya namna hiyo anakuuzia kitu ambacho mmea wenyewe hauwezi kukitoa. Hata peoni zenye mbegu haziendi kwa haraka ya bahasha: mbegu hutaka kipindi cha joto ndipo itoe mzizi, kisha kipindi kirefu cha baridi ndipo itoe jani. Mara nyingi jani huonekana mwaka wa pili, na ua la kwanza huja miaka mitatu, minne au zaidi baada ya hapo, tena mtoto hafanani na mama. Yule mama aliniachia bahasha ya buluu, nikaimwaga kwenye trei kwa nia njema. Siku ya sita zikaota. Wiki ya tatu nikaona ni mchicha pori.

Peoni za bustanini huwekwa katika makundi matatu. Lipo kundi la majani, ambalo kila kipupwe hufa juu lote na kubaki mizizi minene ardhini. Lipo la mti, lenye shina gumu lisilokufa, ambalo Wachina wamelitunza kwa karne nyingi na mji wa Luoyang unajulikana kwalo. La tatu ni mtoto wa hayo mawili, na hilo ndilo ambalo watu wengi siku hizi wanalimaanisha wakisema peoni haibridi. Huitwa peoni za Itoh.

Hadithi ya Itoh hunigusa kila ninapoisimulia. Watu walikuwa wamejaribu kwa muda mrefu kuozesha peoni ya mti na peoni ya majani, wakashindwa. Rangi ya manjano yenye nguvu ilikuwa upande wa miti. Mmea mfupi usiohitaji kupogolewa sana ulikuwa upande wa majani. Mwaka 1948 Toichi Itoh, Mjapani, alichukua chavua ya 'Alice Harding', peoni ya mti ya manjano iliyotoka kwenye kitalu cha Lemoine huko Ufaransa, akaipaka kwenye 'Kakoden', peoni nyeupe ya majani. Safari hii ikashika. Miche michache ikapatikana, akailea. Mwaka 1956 akafariki, na hakuna hata mche mmoja uliokuwa umemwonyesha ua. Miaka minane mtu analea majani matupu! Yalichanua mwanzoni mwa miaka ya 1960, maua ya manjano juu ya mmea mfupi. Mmarekani Louis Smirnow akaipata miche hiyo kwa mjane wake, na minne kati yake ikasajiliwa 1974. Baadaye Roger Anderson, Mmarekani mwingine, alitoa 'Bartzella' ya manjano, 1986, na hilo ndilo nadhani lilikuwa kwenye bahasha ya pili ya mama yule.

Tuje kwenye neno popote, maana ndipo pesa za watu zinapopotea.

Peoni ilizaliwa kwenye nchi zenye theluji. Majira ya joto majani hupika chakula na kukiteremsha kwenye mizizi. Mwisho wa msimu, juu ya mizizi, hujitokeza machipukizi mekundu ambayo wakulima huyaita macho, na ndani ya kila jicho ua la mwaka ujao limeshaanza kuumbwa. Kisha macho yanalala. Usingizi huu si wa kukosa joto. Ungekuwa wa kukosa joto, basi wiki moja ya jua katikati ya Januari ingeyaamsha, yakachipua, na barafu ya wiki inayofuata ikayaua yote. Mmea umejiwekea kufuli: jicho halifunguki mpaka limehesabu baridi ya kutosha, saa baada ya saa, ndipo liamini kwamba kipupwe kimepita kweli. Kwa peoni nyingi hesabu hiyo ni kati ya saa 500 na 1,000 za baridi ya nyuzi 5 hivi kushuka chini. Baridi ikipungua sana, macho huamka machache, yamedumaa, yana majani bila tumba. Ikikosekana kabisa, mzizi unakaa tu ardhini ukila akiba yake, hadi uoze.

Hapa Tanga mjini, mwezi wa saba, kusi ikivuma na wazee wakijitanda kanga mbili alfajiri, kipimajoto hukaa kwenye nyuzi 20 hivi. Saa zetu za baridi kwa hesabu ya peoni ni sifuri. Hazipungui, hazipo.

Na chotara haliondoi hili, kwa sababu mtoto anarithi kilichomo kwa wazazi. Chukua spishi yoyote ya peoni, ya Siberia, ya China, ya Ulaya, hata ile ya milima ya Moroko: wazazi wote wametoka penye kipupwe. Kufuli ipo pande zote mbili za ndoa. Itoh na wenziwe walichanganya rangi, harufu, unene wa shina na wakati wa kuchanua, maana hivyo vilitofautiana kati ya mzazi na mzazi. Ni kweli kwamba peoni za mti na za Itoh huridhika na baridi pungufu kidogo kuliko nyingi za majani, na wapandaji wa majimbo ya kusini ya Marekani hunufaika na tofauti hiyo. Lakini huko nako maji huganda usiku.

Mtu akishafika hapa huniuliza: na Lushoto je? Swali zuri. Plamu na pichesi zinashuka kutoka Lushoto, zinauzwa kwenye madirisha ya mabasi pale Mombo, na miti hiyo nayo ni ya nchi za baridi. Tupige hesabu. Ukipanda mlima, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hadi 7 kila mita 1,000. Lushoto mjini ni kama mita 1,400, kwa hiyo ni nyuzi 9 hivi chini ya Tanga. Usiku wa Julai wa nyuzi 20 kwetu unakuwa 11 kule. Unavaa sweta na unaota moto, lakini 11 si 5, na zile nyakati chache ambazo baridi hushuka zaidi ya hapo hazijumliki zikafika saa 500. Plamu na pichesi zinazozaa Lushoto ni za aina zinazotaka baridi kidogo, zimechaguliwa kwa kazi hiyo na watu wengi kwa muda mrefu. Peoni ya namna hiyo bado haijapatikana.

Wapo pia wanaouliza kuhusu friji, nao siwacheki, maana kwa nadharia wako sahihi. Mzizi ukiwekwa kwenye unga wa makumbi ya nazi wenye unyevu kidogo, kwenye nyuzi 2 hadi 5, kwa wiki nane na zaidi, macho huhesabu saa zile kama za kipupwe. Wakulima wa biashara nje hutumia vyumba vya baridi kuwahisha maua sokoni. Kwa nyumba ya Tanga tatizo la kwanza ni vitu vilivyomo humo frijini: maembe na ndizi zinazoiva hutoa gesi inayoharibu macho ya mmea. La pili ni umeme, ukikatika siku mbili hesabu inavurugika, na yuniti za LUKU zinakwenda kumlaza mzizi mmoja kwa miezi miwili.

La tatu ndilo zito, na watu hawalifikirii. Kuamsha jicho ni nusu ya kazi. Likiamka linahitaji wiki nyingi za mchana wa nyuzi 20 na kitu na usiku wa nyuzi 10 hivi ndipo shina lirefuke na tumba likomae. Wewe unalitoa frijini unaliweka uani kwenye nyuzi 30. Shina linakurupuka, linatoka jembamba, na tumba linakauka likiwa dogo kama punje ya kunde. Usiku nao ni wa joto, na mmea unapumua usiku kama sisi. Kwenye joto unapumua kwa kasi, unachoma sukari iliyopikwa mchana badala ya kuiteremsha mizizini. Mwaka wa pili mzizi umekonda kuliko wa kwanza. Mimi nisingemshauri mtu anayenunua unga kwa kipimo aingie humo.

Wenye ndugu Uingereza, Kanada au Ujerumani wanaotaka kuzipanda huko, mambo ni mepesi, isipokuwa moja linalowaangusha wengi: kina. Macho ya zile za majani na za Itoh yafunikwe kwa udongo sentimita 3 hadi 5 tu. Yakizama zaidi mmea huota majani mazuri kila mwaka bila ua, na mtu humlaumu muuzaji bure. Zipandwe vuli ya huko, mwezi wa tisa au wa kumi, kipande chenye macho matatu hadi matano, penye jua, pasipotuama maji. Mwaka wa kwanza na wa pili zisidaiwe kitu. Sisimizi wanaotambaa kwenye matumba waachwe, wanafuata utamu tu. Baada ya hapo mmea mmoja unaweza kuchanua mahali pale pale kwa miaka hamsini.

Yule mama alinisikiliza, akakaa kimya, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa na sisi hatuna letu lililokwenda kwao?" Lipo, mama. Tena limetoka hapa hapa.

Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya buluu-zambarau, uliokuwa ukiota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli karibu na Tanga na huko juu Usambara. Alimpelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1893, mwaka ule ule mkonge ulipoingia, Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover akaupa jina Saintpaulia ionantha. Mwaka 1927 wakulima wa Los Angeles, Armacost na Royston, walipanda mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza wakachagua machotara kumi, mmojawapo 'Blue Boy', na kutoka hao yakaja maelfu ya aina zinazokaa madirishani Ulaya na Marekani. Tangu 2015 wataalamu wameuhamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, ila wapandaji wanaliita bado kwa jina la zamani.

Ukiitazama saintpaulia kwa jicho la kufuli, kila kitu kinageuka. Nyumbani kwake hakuna kipupwe, kwa hiyo hakujiwekea usingizi wowote. Ikipata mwanga laini na unyevu inachanua mwezi wowote. Ndiyo maana ilifaa sebuleni kwa watu wa Berlin: sebule yenye moto ina joto la kivulini Usambara mwaka mzima. Ukiitoa nje Januari huko, inakufa kwa usiku mmoja. Machotara wake wote wana udhaifu huo wa baridi, kwa sababu ile ile iliyowanyima peoni joto letu: wazazi wote walitoka sehemu ya aina moja.

Za porini zisiguswe. Spishi nyingi zimebaki kwenye vipande vidogo vya msitu, mwamba mmoja mmoja, na kung'oa shina moja pale ni hasara kubwa. Chotara wa chungu anatosha. Rafiki yangu wa Muheza alinipa jani moja la chotara wa buluu, nikamwonyesha mama namna ya kufanya: jani na kikonyo chake cha sentimita tatu, linachomekwa kimshazari kwenye mchanga uliochanganywa na mboji ya majani, linafunikwa chupa ya plastiki iliyokatwa, linakaa kivulini. Baada ya mwezi mmoja lina mizizi. Baada ya miezi miwili vimche vinachungulia pembeni. Maji yatiwe kwenye kisahani chini, yasiguse majani, maana huacha mabaka. Hapa mjini Februari huwa inalemewa na joto, kwa hiyo isikae penye bati tupu juu. Kibaraza cha makuti au ukuta wa mawe upande wa kaskazini unaipoza.

Harusi ya Disemba ilikwenda kwa asmini na vikuba, binti akapendeza. Jani lilichukua muda wake. Mwezi wa pili mwaka huu mama alinitumia picha: kopo la rangi lililokatwa, kibarazani Chumbageni, na ndani yake maua manne ya buluu.